Utepe wa Wanaojitahidi

Tundu lilikuwa kifuani, upande wa kushoto, kubwa kiasi cha kupitisha vidole viwili. Fundi aliliona asubuhi alipolikung'uta gauni la shule la bintiye ili alipige pasi. Akaingiza vidole, vikatokea upande wa pili, akavitazama kana kwamba si vyake. Yeye anayewashonea sare nusu ya watoto wa shule ile, leo mwanawe mwenyewe avae gauni lenye tundu! Alikuwa na uchovu wa tangu jana, na siku ilikuwa haijaanza.

"Kifungo!"

"Abee, mama."

"Hebu njoo hapa."

Mtoto akaja na mswaki mdomoni. Jina la Kifungo alilipata siku aliyozaliwa, mdogo, mviringo, macho mawili kama matundu ya kupitisha uzi, na sasa miaka kumi imepita jina halijambanduka. Alipoliona gauni mkononi mwa mama yake, akautoa mswaki taratibu.

"Hii ni nini?"

"Tundu."

"Naona ni tundu, sina makengeza. Nani kalikata?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

Kifungo akatazama chini. "Utepe ulikataa kutoka. Nilivuta, nikavuta, haukutoka. Nikachukua wembe wako."

Utepe wenyewe ulikuwa chini ya kitanda, umekunjwakunjwa, nyuma yake umeng'ang'ania kipande cha gauni. Ulikuwa wa manjano, mrefu kama kidole cha kati, na umetariziwa neno moja: NINAJITAHIDI. Fundi aliujua vizuri kwa kuwa aliushona yeye. Aliushona pamoja na wenzake thelathini na tisa, oda ya shule, na hakuna kazi aliyoifurahia mwaka ule kuliko hiyo. Siku Kifungo alipokuja nyumbani na utepe kifuani, Fundi alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kisha utepe ukapotea. Ukaletwa wa pili, nao ukapotea. Wa tatu, Fundi alisema huu hautapotea ng'o, akauweka chini ya cherehani na kuupiga mshono pande zote nne, mara mbili. Kitu akikishona Fundi kimeshonwa, ndiyo maana tundu likawa kubwa vile.

"Si nilikwambia?" alisema baba, aliyekuwa ameketi mlangoni akifunga kamba za viatu. Alikuwa mpaka rangi, na viatu vyake vilikuwa na madoa ya kila nyumba aliyoipaka. "Mama Kifungo, kila mtu na kichwa alichozaliwa nacho. Mimi hesabu zilinishinda, wewe zilikushinda. Sasa huyu mnamkamua mpaka anakata nguo na wembe. Angejikata mkono je?"

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto. Mwalimu alikataza."

"Mwalimu alikataza! Haya." Akasimama, akachukua ndoo yake. "Mwache arudie darasa, yaishe."

Na hapo ndipo palipouma. Katika mtihani wa hesabu Kifungo alipata thelathini na moja kwa mia. Asiyefika arobaini hapandi darasa la tano. Shule ilikuwa imewapa wa aina yake nafasi moja ya mwisho, mtihani wa marudio, na ulikuwa umebakiza siku nane. Akishindwa atabaki darasa la nne, kwenye benchi moja na watoto anaowapita kichwa na mabega, na mwenyewe alikwisha kusema: "Nikirudia, mimi shule basi." Hakulisema kwa kulia. Alilisema huku akila, kama mtu anayesema hataki tena mboga, na Fundi alijua maneno ya namna hiyo yanakotoka. Yeye mwenyewe aliyasema akiwa darasa la sita, na hakuna aliyemfuata.

"Leo huendi," alisema. "Utavaa nini? Njoo nikae nawe kazini."

*

Chumba cha kazi kilitazama barabara. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na boksi la vifungo lililokuwa zamani la biskuti. Kwenye cherehani ya kwanza alikaa Fundi. Kwenye ya pili alikaa wifi yake, dada mkubwa wa mume, mama wa miaka hamsini na miwili aliyeachishwa kazi kiwanda cha sabuni baada ya miaka ishirini ya kupanga vipande kwenye makatoni. Alikuwa anajifunza kushona. Huu ulikuwa mwezi wake wa tano, na mikono ya mashati ilikuwa ikimtoa jasho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Leo shule imefungwa?"

"Gauni limechanika."

"Limejichana lenyewe? Magauni ya siku hizi yana akili!" Shangazi alimkonyeza. Kisha akainua shati alilokuwa akilishona na kulitazama juu na chini. "Wifi, huu mkono mbona unanitazama vibaya?"

"Lete nione," alisema Fundi.

Akalipokea shati. Hakusema pole wala hakusema umejitahidi. Akaligeuza ndani nje, akalilaza mezani, akaupitisha ukucha wake juu ya mshono polepole, kutoka kwapani kuelekea begani. Katikati ya njia ukucha ukasimama.

"Hapa. Umeona? Umeanza vizuri, umekuja vizuri, hapa ukavuta kitambaa ili kitoshe. Ukivuta, juu kunajikunja. Huku kote kuzuri, usiguse. Fumua kuanzia hapa mpaka hapa tu."

"Inchi tatu tu?"

"Inchi tatu."

"Nami nilishataka kulitupa lote na mimi mwenyewe nijitupe." Shangazi akachukua wembe, akaanza kufumua huku akijiimbia.

Kifungo alikuwa kwenye kigoda pembeni, kavaa gauni la nyumbani, magoti yamebanwa pamoja. Alikuwa akitazama ule ukucha. Fundi alikuwa tayari amelichukua gauni la shule, anatafuta kiraka cha rangi moja, akasikia sauti ndogo.

"Mimi huniambii hivyo."

"Sikuambii nini?"

"Lete nione. Shangazi akikosea unamwambia lete nione. Mimi unaniambia hongera."

Shangazi akaacha kuimba.

"Sasa hongera ni kitu kibaya, mwanangu?" Fundi alicheka kidogo, kicheko cha kununua muda. "Mwalimu ndiye alitufundisha. Mtoto asifiwe bidii yake."

"Ule utepe wanapewa wanaofeli," alisema Kifungo. "Wanaopata hesabu hawapewi. Mwalimu anasema wale hawajatoka jasho. Darasani wanatuita Manjano. Wanasema, usikae na Manjano, utaambukizwa. Na wewe ukaushona kwa cherehani, nikashindwa kuuficha." Akavuta pindo la gauni likafunika magoti. "Nilikuwa nauweka kwenye soksi. Haukupotea hata siku moja."

Fundi aliona aibu, aibu hasa, ya kuwasha masikio. Aliwakumbuka majirani waliochungulia, akakumbuka alivyopiga vigelegele. Akabaki ameshika kiraka.

"Mimi hujanipa utepe hata siku moja," alisema Shangazi bila kuinua macho kwenye wembe wake, "hata mmoja, wifi. Miezi mitano. Ningekuwa na tepe zako kumi na mbili kifuani na mashati yenye mikono ya kinyumenyume. Hebu mtazamie mtoto daftari lake."

"Namtazamia kila siku. Nasaini kila siku."

"Unasaini. Sikuuliza unasaini."

*

Ukweli ni kwamba Fundi aliliogopa lile daftari. Aliweza kukata suti ya harusi kwa jicho, lakini tarakimu zikipangwa kwenye karatasi zilimrudisha kwenye benchi la nyuma, kwa mwalimu aliyekuwa akimwita gogo na darasa zima likicheka. Gogo, simama. Gogo, kaa. Kwa hiyo siku ile ya mkutano wa wazazi, mwalimu wa Kifungo aliposimama na kusema akili si kikombe chenye kipimo kimoja bali ni kama msuli, hukua kwa kufanyishwa kazi, Fundi alisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Wazazi wote waliambiwa warudie kwa sauti: mtoto asiseme "siwezi", aseme "bado sijaweza". Wengine walinong'ona kwa aibu. Yeye aliipaza sauti yake. Laiti mtu angemwambia hivyo miaka ile! Wakapewa karatasi ya maelekezo, na jambo la tatu katika karatasi hiyo lilisema kila siku mzazi asaini daftari na kuandika neno la kumtia mtoto moyo. Fundi hakuruka hata siku moja.

Sasa alilifungua. Akaona mwandiko wake kabla hajaona wa mtoto. Hongera. Hongera sana mwanangu. Hongera kwa bidii. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa kalamu ya bluu, chini kabisa, na saini yake yenye mkia. Juu yake kulikuwa na hesabu za kutoa, safi, zimepigiwa mistari kwa rula, kumi kila siku. Kifungo hakuwa mvivu. Mtu yeyote angeona kwamba mtoto huyu hakuwa mvivu.

Fundi akapiga moyo konde, akaweka ukucha juu ya ile ya kwanza, kama anavyouweka kwenye mshono. Hamsini na mbili toa thelathini na nane. Jibu la mtoto: ishirini na sita.

Hakujua kama ni sahihi. Hapo ndipo alipofika, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye chumba chake cha kazi. Lakini kuna kitu alichokijua. Akanyoosha mkono, akalivuta boksi la biskuti.

Vifungo vya mashati huja vimetungwa kwenye uzi, kumi kumi. Vilivyobaki huzagaa chini ya boksi, vya mojamoja. "Njoo," alimwambia mtoto. "Nihesabie hamsini na viwili."

Kifungo akatoa tungo tano, akaokota viwili vya mojamoja.

"Mimi mteja. Nataka thelathini na nane. Nipe."

Mtoto akampa tungo tatu. Kisha akatazama vile viwili vilivyobaki peke yao. Akatazama mkono wa mama yake uliokuwa unangoja.

"Haya, nataka vinane vya mojamoja. Unavyo viwili. Mteja amesimama."

"Haiwezekani."

"Darasani unafanyaje ukifika hapo?"

"Natoa mbili kwenye nane. Kubwa toa ndogo. Inabaki sita." Alisema bila wasiwasi, kama mtu anayetaja jina lake. "Huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo, mama. Mwalimu alisema darasa la kwanza."

"Lakini mteja ndiye anayetaka nane. Wewe ndiye mwenye viwili. Unamgeuza mteja awe muuzaji?"

Shangazi alikuwa amesogeza kiti. Wote watatu wakavitazama vile vifungo viwili. Halafu Fundi, asiyejua hesabu, alifanya alichokuwa akikifanya mara ishirini kila siku bila kukiita hesabu. Alimpa mtoto mkasi.

Kifungo akaushika. Akachukua utungo mmoja, akasita, akakata uzi. Vifungo kumi vikamwagika mezani, kimoja kikaviringika mpaka kwenye pasi. Sasa alikuwa na kumi na viwili. Akahesabu vinane, akavisukuma kwa mama yake. Akatazama kilichobaki.

"Utungo mmoja. Na... vinne." Akainua macho. "Kumi na nne."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. Kumi na nne. Akalivuta daftari, akaona ishirini na sita yake, safi, na mstari wa rula chini yake, na chini ya mstari hongera ya mama. Akafunua ukurasa wa pili. Sitini na moja toa ishirini na saba, yeye kaandika arobaini na sita. Akafunua wa tatu. Mkono ukaanza kwenda mbio.

"Zote," alisema. "Mama, zote nimegeuza. Zote!" Akamtazama mama yake, na macho yale hayakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali yangekuwa nayo. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Mbona uliandika hongera?"

Fundi akakiokota kile kifungo kilichoviringika mpaka kwenye pasi.

"Kwa sababu sikuangalia," alisema. "Nilikuwa naogopa hesabu, nikaandika hongera nikafunga daftari. Nisamehe, mwanangu."

Shangazi alijifanya anatunga uzi kwenye sindano iliyokuwa imeshatungwa.

*

Siku ya pili Fundi alikwenda shuleni. Alingoja ukutani nje ya ofisi ya walimu, amesimama, muda wa vipindi viwili, kwa kuwa kiti kilichokuwapo kilikuwa na rundo la madaftari. Mwalimu alipotoka alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi.

"Mama Kifungo! Umeleta zile tepe sitini za oda mpya?"

"Tepe bado, mwalimu. Nimekuja na hili." Akafungua daftari hapo hapo ukutani, akaonyesha ukurasa kwa ukucha. "Anazigeuza. Ndogo ikiwa juu anaigeuza. Mwaka mzima."

Mwalimu akatazama. Akafunua kurasa tatu, nne. Kulikuwa na saini ya Fundi, na kulikuwa na saini ya mwalimu pia, na kando ya saini ya mwalimu nyota nyekundu. *Unajitahidi, endelea hivyo hivyo.*

"Nimeweka nyota," alisema.

"Nami nimeweka hongera."

Wakalitazama rundo la madaftari kwenye kiti, wanawake wawili.

"Mama, nina watoto themanini na wawili," alisema mwalimu. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana siku ya mkutano. "Kila siku madaftari themanini na mawili. Nyota ni sekunde moja. Kumwonyesha mtoto alipokosea ni dakika tano. Hebu piga hesa..." Akaishia hapo. "Usidhani sipendi kuwaonyesha. Mimi nilisoma nikiitwa kichwa maji. Nilipofundishwa mambo haya semina nililia. Nikasema, darasani kwangu hakuna mtoto atakayeitwa hivyo."

"Wanaitwa Manjano."

"Nini?"

Fundi akamweleza. Alieleza kwa sauti ya chini, bila kulaumu, kwa kuwa nguo aliikata mwalimu lakini aliyeishona ni yeye. Mwalimu aliegemea ukuta, chokaa ya ukutani ikamshika mgongoni.

"Watoto nao," alisema. "Basi zile sitini tushone kijani."

"Kijani?"

"Manjano imeshachafuka jina."

Fundi alitaka kucheka, akatazama uso wa yule mwalimu kijana, akaacha. Aliuliza kama mtihani unaweza kusogezwa mbele hata wiki mbili. Mwalimu akatikisa kichwa, tarehe ilikuwa ya mwalimu mkuu. Lakini alilitazama tena lile daftari, na akasema kila siku kengele ya mapumziko ikilia Kifungo abaki dakika tano.

*

Katika siku saba hakuna mtu anayeweza kutia mwaka mzima. Walijaribu. Jioni, meza ya kukatia ikisafishwa, boksi lilifunguliwa, tungo zikakatwa, zikatungwa upya, zikakatwa. Shangazi ndiye aliyekuwa mteja, na alikuwa mteja mbaya, anayebadilisha mawazo. "Nimesema arobaini na tatu? Nataka arobaini na tisa. Na usinijibu vibaya, nitahama duka." Kifungo alicheka mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Siku ya nne aliacha kushika vifungo, akawa anakata uzi kichwani tu, vidole vikicheza hewani.

Kutoa kulipona. Lakini kutoa hakukuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na kugawanya, na nyuma ya kugawanya kulikuwa na sehemu, vyote vimesimama juu ya lile kosa la mwanzo, kila kimoja kimepinda kidogo. Ukifumua hapa unakuta na pale. Fundi alikuwa akisinzia amekaa. Kuna jioni mtoto alilitupa daftari ukutani akalia, na mama yake akawa hana nguvu hata ya kuliokota, wakalitazama wote wawili likiwa limelala kifudifudi.

Baba ndiye aliyeliokota. Alikuwa amerudi ana rangi nyeupe mpaka kwenye masikio.

"Kitu gani kimekushinda?"

"Theluthi," alisema Kifungo kwa kwikwi.

"Theluthi ya nini?"

"Ya tisini."

Baba akafikiri, mdomo wazi. "Kopo la tisini... Ndoo tatu zikae sawa, kila moja thelathini." Akashtuka mwenyewe. "Ni thelathini. Si ndiyo?" Alimtazama mkewe kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. "Mimi hiyo nachanganya kila siku. Hakuna aliyeniambia ni hesabu."

"Kichwa alichozaliwa nacho," alisema Fundi.

"Acha, mama Kifungo. Acha, nimechoka." Lakini akakaa kwenye kigoda, na hakuondoka mpaka chakula kilipoiva.

*

Mtihani ulifanyika, na matokeo yalitoka siku ya Ijumaa. Kifungo alikwenda na gauni lenye kiraka kifuani, kiraka kilichoshonwa vizuri kiasi kwamba ni lazima ujue kipo ndipo ukione. Fundi alikuwa na oda ya tepe, zile sitini, kijani. Alikwisha kuzikata na sasa alikuwa anazipiga pindo. Angefanyaje? Kazi ni kazi, na kukataa kwake kusingempatia mtoto yeyote dakika tano. Shangazi alikuwa kwenye cherehani ya pili na shati lenye mikono iliyokaa. Hakuna aliyemsifia, naye hakuuliza, ila alikuwa amelitundika mahali ambapo kila mpita njia angeliona.

Saa nane mlango ukatiwa giza. Kifungo akasimama kizingitini na karatasi mkononi, mkoba umemwegemea upande mmoja.

Fundi akasimamisha cherehani kwa kiganja.

"Thelathini na nane," alisema mtoto.

Thelathini na nane kwa mia, na mlango ulikuwa arobaini. Shangazi aliguna tu, mguno wa mtu aliyeshushiwa mzigo mguuni. Alama mbili! Nusu ya swali. Laiti kungekuwa na wiki moja zaidi, laiti daftari moja lingetazamwa mwezi wa tatu, laiti mama asingeogopa. Fundi alizihesabu zile laiti zote kwa mkupuo, na hazikumsaidia kitu. Mwanawe anarudia darasa. Na mwanawe alikwisha kusema akirudia atafanya nini.

"Nitabaki la nne," alisema Kifungo.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mwalimu alitaka kunipa utepe. Nikamwambia asante, sitaki."

"Ulisema vizuri."

Mtoto akaingia. Akaweka mkoba chini. Fundi alikuwa anangoja yale maneno, mimi shule basi, na moyoni alikuwa anapanga atajibu nini na kuona majibu yote yamechakaa. Kifungo akaitazama ile meza, akazisukuma tepe za kijani upande mmoja kwa mkono wote, kama mtu anayesafisha makombo, akailaza karatasi yake mahali palipobaki wazi.

"Za kutoa nimepata zote," alisema. "Zote saba, mama, angalia. Za kugawanya mbili. Lakini hii ya kumi na tisa nimeirudia njiani mara tatu na sioni nilipopotea." Akaigeuza karatasi ielekee upande wa mama yake. "Mwanzo mzuri. Ni hapa katikati."

Maneno ya hongera yalimjia Fundi mpaka kwenye meno, ya kweli safari hii, na akayameza. Alijua pia kwamba ile ya kumi na tisa yeye hataiweza, angalau si leo. Akafuta mikono yake kwenye gauni, akasogeza kigoda cha pili kwa mguu.

"Lete nione," alisema.